Celestine Akoth, Sauti ya Kikopey Iliyongojeshwa Majibu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wewe uliye shambani Mau Narok na redio umeitundika kwenye mti wa ua, wewe uliye jikoni Gilgil unamenya viazi, na wewe dereva wa lori unayepandisha kilima ukielekea Nakuru, vuta kiti, au punguza mwendo, tukae pamoja. Mimi ni Sally Chepng'eno, na saa hii ni ya kuwakumbuka watu wetu waliotuacha.

Mmenizoea kama mtu wa upole. Leo upole umenishinda. Nilijaribu kuandaa kipindi hiki nikiwa nimetulia, nikashindwa, basi nimekuja na hasira yangu hivyo hivyo ilivyo. Mtaniwia radhi. Na kama hamtaniwia, pia ni sawa.

Tunamkumbuka Celestine Akoth, mama wa Kikopey, mke wa Khisa, mama yake Natasha. Celestine aliuawa na saratani ya ulimi. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Ugonjwa wake ulikuwa na kipimo. Daktari alikata kinyama kidogo kwenye ulimi wake, akakitia kwenye kichupa, kichupa kikapelekwa maabara. Na huko kikakaa. Nitarudia kwa yule aliyefungua redio sasa hivi. Kinyama kilikatwa. Kilifika maabara. Hakuna aliyekiangalia.

Tuanze mwanzo.

Celestine alizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Babu yake alitoka upande wa Nyanza akaja kuunga mabehewa, na baba yake akaingia kiwandani. Nyumba zenyewe zilikuwa zimeshikana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na watoto ni wengi kama siafu. Kaka yake, Jerry, aliniambia hivi: "Pale kwetu ukikosa sauti unalala njaa. Celestine hakuwahi kulala njaa."

Maji ya bomba yalikuwa hayatabiriki. Yakija, ni Celestine aliyetumwa kutangaza. Alisimama mwisho wa safu ya nyumba, msichana mwembamba wa miguu mitupu, akaita mara moja tu. Wanawake wakatoka mbio na mitungi. Jerry anasema wazee waliostaafu reli walikuwa wakicheka, wakisema huyu mtoto angezaliwa mapema wangemweka stesheni aite abiria.

Aliolewa na Khisa, fundi wa malori pale Gilgil, mtu wa Bungoma. Khisa ni mtu mkimya. Ukimwuliza habari yako, anafikiria kwanza. Watu walishangaa hawa wawili watakaa vipi. Wakakaa vizuri sana. Mmoja aliongea, mwingine alisikiliza, na hakuna aliyetaka kubadilishana.

Kikopey, Celestine aliingia kama mwosha sahani. Nyote mnapajua. Magari yanasimama pande zote mbili za barabara, moshi wa mbuzi unakukuta kabla hujafika, na vijana wa koti jeupe wanapunga mikono. Kwenye majiko ni wanaume. Mwanamke anakata kachumbari, anasonga ugali, anaosha. Kuchoma ni mambo ya wanaume, waliambiana hivyo mpaka wakaamini.

Basi siku moja mchomaji hakuja kazini. Na siku hiyo hiyo ukatokea msafara wa harusi kutoka Nakuru, mabasi na magari madogo, watu na njaa yao. Mwenye bucha akashika kichwa. Celestine akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua kisu, akaenda kwenye jiko. Aligeuza nyama kama mtu aliyekuwa akingoja siku hiyo. Mzee mmoja wa msafara alipoita amwone mchomaji amshukuru, aliletewa Celestine. Mzee akatazama nyuma yake, akitafuta mwanamume. Celestine akamwambia, "Mzee, usitafute. Ni mimi."

Baadaye akafungua bucha yake mwenyewe. Na sasa ile sauti ya bombani ikapata kazi. Alisimama kando ya lami, na dereva aliyekuwa amepania kufika Nairobi bila kusimama akajikuta anatafuta pa kuegesha. "Boss, mbuzi ni wa leo. Kesho sitakuwa naye." Wapo wanaosafiri na barabara ile mpaka leo wanaowaambia watoto wao, hapa kulikuwa na mama alikuwa anaita.

Sitamfanya malaika. Celestine alikuwa mgomvi. Alikuwa na ugomvi wake mkubwa na Kiplimo, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara. Vijana wa Kiplimo walivuka wakachukua kundi la wateja waliokuwa wameshaegesha mlangoni pake. Celestine akavuka naye, akamwambia Kiplimo maneno mbele ya wateja hao. Kiplimo akajibu. Tangu siku hiyo watu hawa wawili waliangaliana juu ya lami mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemsalimia mwenzake hata kwa "sasa" wala habari ya asubuhi. Shikeni jina hilo, Kiplimo.

Ugonjwa aliugundua kwa supu. Kila asubuhi Celestine alionja supu kabla ya mteja yeyote. Asubuhi moja pilipili ikamwuma upande wa kushoto wa ulimi, maumivu kama ya jeraha lililo wazi. Alidhani amejing'ata. Kesho yake ikauma tena. Alijiangalia kwenye kioo cha lori la mteja, akaona kidonda kidogo pembeni ya ulimi, chekundu, na ukingo mweupe. Hakikuwa kitu cha kumtisha mtu aliyewahi kuungua mikono yote miwili.

Kidonda hakikupona. Alienda kliniki moja Gilgil. Wakamwuliza kama anavuta sigara. Hapana. Kama anakunywa pombe. Hapana, ni mtu wa kanisa. Basi si kitu kibaya, wakamwambia, wakampa dawa ya kusukutua. Akasukutua. Akarudi. Wakasema labda ni jino linakwaruza. Wakang'oa jino. Jino zima, wasikilizaji, jino lililokuwa halijamkosea mtu. Kidonda kikabaki.

Mimi si daktari, lakini nimeongea na madaktari kabla ya kuja hapa. Wote wamenipa neno moja. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili au tatu bila kupona, kichunguzwe. Ni kweli tumbaku na pombe huongeza hatari. Lakini asiyevuta na asiyekunywa pia hupata. Kumwambia mtu hana kitu kwa sababu ana tabia nzuri, hiyo si dawa. Hiyo ni mahubiri.

Celestine akachoka na kusukutua, akaenda hospitali moja Nakuru. Jina sitalitaja, familia imeniomba hivyo. Huko alibahatika kumpata daktari kijana, Daktari Wangui. Huyu hakuuliza mambo ya sigara kwanza. Alivaa glavu, akawasha taa, akaushika ulimi kwa kitambaa, akaangalia chini yake, pembeni yake na ndani ya mashavu. Akapapasa shingo. Halafu akamweleza Celestine kila kitu kama mtu anayeongea na mtu.

Kwanza atasugua kidonda kwa brashi ndogo, apate seli za juu, zipakwe kwenye kipande cha kioo ziangaliwe kwa hadubini kama zimeanza kuharibika. Kisha, kwa sababu kidonda hakimpendezi, atamdunga ganzi na kukata kinyama kidogo kama punje ya mchele, ili maabara ihakikishe. Brashi inaleta shaka tu, alisema, kinyama ndicho kinachosema ukweli. Na akamwambia kwamba kama ni kitu, bado ni kidogo. Kinatolewa, ulimi unabaki, maisha yanaendelea.

Natasha, bintiye, alikuwa naye siku hiyo. Anakumbuka mama yake akitoka na pamba mdomoni, akitabasamu upande mmoja. Alifurahi. Hatimaye mtu ameniangalia, alisema.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Maana mpaka hapo, wasikilizaji wapendwa, mama huyu alikuwa ameshafanya kila kitu. Tunawaambia watu kila siku kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Celestine alikuja na ufa wake, akauonyesha kwa fundi. Fundi akamwambia angoje.

Akangoja. Alirudi kwenye dirisha la maabara siku aliyoambiwa. "Majibu bado, mathe." Akarudi tena. Bado. Aliuliza Daktari Wangui yuko wapi, akaambiwa amehamishwa. Akarudi tena. Kila safari ilikuwa ni kuacha bucha kwa vijana, kusafiri, kupanga foleni, kuinama kwenye lile dirisha ambalo limetengenezwa chini ili mtu aombe akiwa amepinda mgongo. Alipouliza kwa sauti yake ile ya Kikopey, mtu wa ndani akamwambia asipige kelele, si yeye pekee anayengoja.

Na lilikuwa neno la kweli. Hakuwa yeye pekee.

Kidonda kikakua. Kikawa kigumu. Sikio la kushoto likaanza kuuma, halafu kumeza. Vijana wa bucha waliona ameacha kuonja supu. Halafu Khisa, yule mtu mkimya, akaona uvimbe shingoni mwa mkewe wakati anavaa mkufu wa kwenda kanisani. Aliwasha gari la mteja lililokuwa gereji, bila ruhusa, akamweka mkewe ndani, akampeleka hospitali nyingine, mbali.

Huko walikata kinyama upya. Majibu yalikuja kabla hata hawajapata pa kulala vizuri. Ni saratani. Imeshatoka kwenye ulimi, imefika shingoni. Na daktari wa huko, bila ubaya, akauliza swali ambalo kila daktari huuliza. "Mbona mlichelewa?"

Celestine alimwangalia. Khisa anasema hajawahi kuyaona macho yale, na ameishi na mama huyo tangu ujana. Alimjibu daktari pole pole, neno baada ya neno, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshaanza kuwa mzito.

"Mimi sikuchelewa. Mimi nilifika mapema. Nilichelewa nikiwa kwao."

Kabla ya upasuaji, Khisa alirudi Nakuru peke yake. Hakuenda dirishani. Aliingia mlango wa maabara, akasimama katikati na ovaroli lake la grisi, akasema anatafuta kitu cha mke wake. Kijana wa maabara, Sydney, alijaribu kumtoa. Halafu akauangalia uso wa Khisa, akaacha kujaribu. Akamwonyesha pembeni ya jokofu bovu. Kulikuwa na katoni. Ndani ya katoni, vichupa vimesimama vikibanana, kila kimoja na kinyama chake kikielea kwenye dawa, kila kimoja na jina limebandikwa. Khisa akakiona. Celestine Akoth. Hakijafunguliwa.

Akasoma na majina mengine. Watu wa Gilgil, wa Njoro, wa Elburgon, wa Mau Narok.

Sydney alimweleza. Mashine ya kuandaa vile vinyama iliharibika. Wao waliripoti kwa wakubwa, wakaambiwa wasubiri fundi. Fundi hakuja. Vichupa viliendelea kuja. Alisema naye inamwuma. Ninaamini inamwuma.

Lakini sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wananiambia, Sally, ni umaskini tu, mashine huharibika. Najua mashine huharibika. Khisa ni fundi, anajua kuliko mimi. Kitu kimoja tu kingemwokoa Celestine, na hakihitaji mashine wala fundi wala umeme. Ni mtu mmoja pale dirishani kusema, mama, sisi hatuwezi, chukua kichupa chako upeleke kwingine. Sentensi hiyo tu. Angekibeba mkononi. Badala yake walisema majibu bado, kana kwamba majibu yapo njiani. Hayakuwa njiani. Hakukuwa na majibu. Mtu aliyenyimwa kipimo anajua afanye nini. Mtu aliyedanganywa kwamba kipimo kinaendelea, yeye anakaa na kuomba Mungu.

Walimtoa Celestine sehemu kubwa ya ulimi. Wakamtoa tezi za shingo zilizoingiwa na saratani, wakampangia mionzi. Sauti ya Kikopey ikaisha. Alipoanza kutamka tena, maneno yalitoka yamevimba, kama ya mtu aliye na kiazi cha moto mdomoni. Wengi hawakumwelewa. Natasha alimwelewa, na akawa ndiye anayewatafsiria watu.

Nilimwuliza Natasha neno la kwanza alilosema mama yake baada ya upasuaji lilikuwa lipi. Akasema, "Halikuwa jina langu. Wala la baba. Alisema, 'Wale wengine.' Nikamwuliza wengine gani. Akaonyesha kwa vidole, kichupa kidogo hivi. 'Wale wengine wa kwenye katoni.'"

Alipopata nguvu ya kukaa, alimwambia Khisa ampeleke Nakuru. Walibeba kiti cha plastiki kutoka bucha. Celestine akakiweka mbele ya mlango wa maabara, akaketi, na kitambaa kimefunika shingo yake iliyoshonwa. Mkubwa wa hospitali akatoka ofisini, akaongea vizuri sana. Suala linashughulikiwa. Kamati imeundwa. Mama aende nyumbani apumzike. Celestine akatikisa kichwa. Akamwambia Natasha aseme kwamba ataondoka wenye vichupa wakishapigiwa simu.

Walimletea askari wa lango. Askari alimfikia, akamwangalia, akarudi alikotoka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuulizana yule mama ana nini. Natasha akawaambia. Foleni ikavunjika. Mmoja alikuja akasimama nyuma ya kiti, halafu mwingine, mpaka hata kuufunga ule mlango ikawa haiwezekani. Siku ya kwanza ikapita. Alirudi kesho yake, na kiti chake. Akarudi tena.

Mwishowe wakakubali. Wauguzi wakapewa simu, majina yakaanza kupigiwa. Vichupa vikapakiwa kwenye gari la hospitali, vikapelekwa maabara inayofanya kazi. Ndiyo. Gari lilikuwepo. Muda huo wote lilikuwepo. Lilikuwa linapeleka wakubwa semina Naivasha.

Baadhi ya waliopigiwa majibu yao yalikuwa mazuri, wakaenda zao wakimshukuru Mungu. Wengine hayakuwa mazuri, na wakaanza matibabu. Lakini kulikuwa na jina la Weldon, mkulima wa viazi wa Mau Narok. Muuguzi alipiga, simu ikapokelewa na mwanamke. Muuguzi akaomba kuongea na Weldon kuhusu majibu yake.

"Huyo tulimzika," mwanamke akasema. "Nyinyi ni akina nani?"

Natasha alikuwa amesimama pale. Anasema alilisikia swali hilo kwa masikio yake. Nyinyi ni akina nani? Mimi pia nauliza.

Sasa nirudi Kikopey, kwa sababu Celestine alirudi. Hakuwa na nguvu ya kuchoma tena. Alikuwa akikaa kando ya barabara na kuangalia magari yakipita bila kuitwa. Lakini alimtafuta Daktari Wangui, akampata kwenye hospitali ndogo aliyohamishiwa, na wawili hao wakapanga jambo. Wakaweka hema pale pale Kikopey. Taa, glavu, brashi ndogo, vioo, na mpango wa kueleweka wa maabara, nani atapokea na majibu yatarudi kwa nani. Celestine alisema, kupitia Natasha, kwamba hatakubali mtu asuguliwe mdomo kama sampuli haina pa kwenda.

Hema likasimama. Hakuna aliyeingia. Wachinjaji walipita wakichekelea. Vijana wa koti jeupe walisema wao wako fiti. Na unajua kazi ya barabarani ilivyo, wengi wao wanaweka tumbaku ile ya kuber chini ya mdomo ili wasilale, kutwa nzima, mpaka fizi inabadilika rangi. Aliyekuwa akiweka kuliko wote, na kila mtu alijua, ni Kiplimo.

Celestine akainuka. Akavuka barabara. Malori yakapiga honi. Aliingia kwenye bucha ya Kiplimo, mlango ambao hakuwa ameukanyaga tangu ule ugomvi, na ilikuwa mchana, meza zimejaa. Kiplimo alikuwa anapima nyama. Celestine akamshika aproni. Hakuwa na maneno ya kumwambia, na hata angekuwa nayo Kiplimo asingeyaelewa. Alifanya kitu kimoja tu. Alifungua mdomo wake, mbele ya Kiplimo, karibu kabisa, akamwacha aangalie.

Nilimfuata Kiplimo mwenyewe anieleze. Haya ni maneno yake. "Nilitaka kuangalia kando. Akanishika kidevu, akanirudisha. Mimi nimechinja tangu nikiwa kijana, sijawahi ogopa nyama. Siku hiyo niliogopa. Nikavua aproni, nikavuka na yeye. Alinishika mkono kama mtoto, barabarani, watu wote wakiona."

Daktari Wangui alikuta baka jeupe ndani ya mdomo wa chini wa Kiplimo, pale pale anapoweka tumbaku. Halikuwa linauma. Alisugua kwa brashi. Vijana wake walipoona mkubwa wao amekaa kwenye kiti mle hemani, wakaanza kupanga foleni. Sampuli ziliondoka jioni hiyo hiyo. Majibu ya Kiplimo yalirudi yana mashaka. Akaitwa, akakatwa kinyama, maabara ikasema seli zimeanza kugeuka lakini bado ziko juu, hazijaingia ndani. Wakamtoa baka lote. Hakuhitaji mionzi, hakuhitaji kushonwa shingo. Leo hii Kiplimo anaongea, anakula nyama, anagombeza vijana wake. Tumbaku ameacha.

Ndiyo kipimo kilivyo kikifanywa. Si muujiza. Si mambo ya ng'ambo. Ni brashi, kioo, hadubini, na watu wanaotimiza walichoahidi. Kiplimo alipata alichonyimwa Celestine, na aliyempa ni Celestine.

Kiplimo alianza kwenda kumsalimia kila asubuhi. Alikuwa akimpelekea supu iliyochujwa vizuri, asije akapaliwa. Walikaa tu.

Saratani ilirudi, shingoni na kwenye mapafu. Celestine alifariki nyumbani kwake Gilgil, asubuhi, Khisa akiwa amemshika mkono. Walimzika kwenye shamba lao dogo. Bucha za Kikopey zilifungwa siku hiyo, za pande zote mbili za barabara, na Kiplimo na vijana wake ndio waliopikia waombolezaji.

Kaburini, mchungaji alisema maneno tuliyoyazoea. Kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kwamba ni mapenzi ya Mungu, tusiulize. Ndipo Khisa, mtu ambaye hafungui mdomo, akasogea mbele akaomba kuongea.

"Mchungaji, unisamehe," alisema. "Mungu simlaumu. Si yeye aliyeweka mke wangu kwenye katoni. Mkitaka kumwombea Celestine, ombeni. Lakini msimsingizie Mungu kazi ya watu."

Akarudi akasimama karibu na binti yake. Mchungaji, kwa heshima yake, alifunga kitabu.

Wasikilizaji wapendwa, tufikirie. Wewe unayenisikia una kidonda mdomoni ambacho kimezoea kukaa. Una baka jeupe au jekundu ambalo haliumi, kwa hiyo umelisamehe. Nenda ukaangaliwe. Wakichukua sampuli, uliza maswali ambayo Celestine hakujua kwamba anaruhusiwa kuuliza. Inaenda maabara gani? Mashine inafanya kazi? Nani atanipigia? Uliza mbele ya watu. Wakikuona msumbufu, shukuru, maana msumbufu hasahauliki. Na wewe unayefanya kazi kwenye maabara, na mashine yako imekufa, sema. Waambie wagonjwa leo. Aibu yako ni ndogo kuliko kaburi la mtu.

Kwa Mzee Khisa, kwa Natasha, kwa kaka yetu Jerry na watu wote wa nyumba za reli, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Kwa mjane wa Weldon kule Mau Narok, ambaye hatujawahi kuonana, pole, mama. Kwa watu wa Kikopey, wa upande huu na wa ng'ambo, poleni.

Na ninyi mliopewa ripoti kwamba mashine imeharibika, mkaiweka chini ya ripoti nyingine, mkapanda gari mkaenda semina, najua mna redio. Kwenu sina pole. Ninyi mnadaiwa majibu.